Aliyeusomea Ukungu

Asomaye kwa sauti hasomi peke yake.

Bibi Sekela aliutamka msemo huu alasiri moja ya baridi, akiwa ameketi karibu na meko akimenya njegere. Mjukuu wake Tusajigwe alikuwa akilalamika. Alikuwa mwaka wa pili wa chuo, akisomea nyumbani kwa njia ya simu, na kundi lake lilimwomba awasomee mhadhara ambao wenzake haukuwafikia.

"Nitawasomeaje watu ambao hata kukohoa hawakohoi?" alisema. "Kimya tu huko. Sijui hata kama wapo."

Hapo ndipo bibi alipotoa methali yake. Tusajigwe na binamu yake Neema wakatazamana, kisha wakauliza imetoka wapi, maana shuleni hawakuwahi kufundishwa.

"Shuleni wangeitoa wapi?" bibi akajibu. "Mbegu yake ilitoka huku huku kwetu Makete, kule juu Lukengelo. Sogezeni vigoda. Ilianza hivi."

Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa hazijapanda milimani. Pale Lukengelo palikuwa na zahanati ndogo ya misheni, na muuguzi wake aliitwa Atukuzwe Sanga. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye hatua za polepole, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tulivu, sauti ya kumwambia mgonjwa kwamba atapona. Mumewe, Yoramu, alilima viazi na ngano.

Atukuzwe alitamani shahada. Hakuweza kuiacha zahanati wala watoto wake, basi akajiandikisha katika chuo kilichofundisha watu wakiwa makwao. Mwalimu hakuonekana, darasa halikuwapo. Vitabu vilisafiri kwa basi hadi barabara ilipokoma, kisha vikapanda kwa mabega ya watu. Chuo kilimweka kundi moja na wanafunzi wawili: Riziki Hamad, mkunga wa Pemba, na Magesa, tabibu wa kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria. Kikawaagiza wasome pamoja, kana kwamba wanachota maji kisima kimoja.

Hata hivyo njia ilikuwapo. Vituo vyao vyote vitatu vilikuwa na redio ya upepo, ile ya kuita na kuitikia, ambayo zahanati za mbali zilitumia kuomba dawa au kuulizia mgonjwa. Wakubwa wao waliwapa ruhusa: Jumamosi alasiri, shughuli za wagonjwa zikiisha, waitumie kwa masomo.

Ikawa hivyo. Alasiri za Lukengelo ukungu hushuka kutoka kileleni kama maziwa yanayomwagika taratibu. Humeza kwanza miti ya misindano, kisha shamba, kisha uzio, mpaka nyumba inabaki peke yake duniani. Atukuzwe alifunga dirisha, akawasha redio, na kutoka ndani ya mvumo ule zikaja sauti. Ya Riziki ilikuwa nyembamba na yenye madaha. "Lukengelo, mwenzangu, hujambo huko kwenye baridi? Ova." Ya Magesa ilikuwa kubwa, ya kicheko, na Atukuzwe alimwona moyoni kama mtu mrefu sana, anayeinama kupita milango. Hakuwahi kuiona bahari, lakini Riziki alipoachia kitufe na mvumo ukarudi, alidhani anaisikia ikipumua nyuma yake. Wakati mwingine alifumba macho akaona chumba kimoja kikubwa, dirisha moja likitazama ziwa, jingine bahari, jingine ukungu, na wao watatu wameketi katikati.

Kitabu kikubwa cha afya ya jamii, ambacho mtihani mzima ulitegemea, kilimfikia Atukuzwe peke yake. Cha Magesa kililowa mashuani kikawa uji. Cha Riziki hakikufika kabisa. Basi yeye akawa msomaji. Alisoma ukurasa, akasimama, wenzake wakauliza, wakabishana, wakacheka, akaendelea.

Masika yakaingia. Siku moja radi ilipiga karibu na nguzo ya antena. Redio haikuungua. Taa yake nyekundu iliendelea kuwaka kila Atukuzwe alipobonyeza kitufe cha kusema. Lakini alipokiachia hakusikia kitu, hata ule mvumo haukuwapo. Ilikuwa kama kuweka sikio kwenye ukuta.

"Pemba, mnanipata? Ova."

Kimya.

"Magesa, unanipata? Ova."

Kimya.

Fundi alikuwa mjini, na barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko. Barua nayo ingesubiri barabara hiyo hiyo. Atukuzwe hakujua kama ni redio iliyokufa au ni wenzake walioondoka. Akasema moyoni: huenda wananisikia. Akafungua kitabu, akasoma sura nzima. Jumamosi iliyofuata akasoma tena, na nyingine tena. Kila mwisho wa ukurasa aliuliza kama wanampata, akaachia kitufe, akasikiliza ule utupu. Sauti yake mwenyewe ilianza kumshangaza. Ilitoka, ikapita dirishani, ikazama kwenye ukungu, na hakuna kilichorudi.

Yoramu alikuwa mtu wa utani, na kwa upendo alimwambia, "Mke wangu, kwa jinsi unavyousomea ukungu huu, wenyewe utahitimu kabla yako."

Atukuzwe alicheka. Lakini kicheko kilipoisha, neno lile lilibaki. Akaanza kujiona kama mtu anayeongea usingizini. Mtihani ulikuwa umekaribia. Angeweza kusoma kimya, haraka, kwa faida yake mwenyewe, badala ya kupoteza alasiri akitamka maneno polepole kwa watu ambao huenda walikwisha kujiondoa. Jumamosi moja hakuwasha redio. Alichukua jembe akaenda kuchimba viazi na mumewe. Ukungu ulishuka ukawakuta shambani, na jioni Atukuzwe hakula vizuri.

Katikati ya wiki, mtu mgeni alitokea kwenye ngazi za zahanati. Alikuwa kijana mwembamba, tope limempanda hadi magotini, viatu kavishika mkononi.

"Hodi hapa."

"Karibu. Mgonjwa umemwacha wapi?" Atukuzwe aliuliza, kwa kuwa waliofika na tope la namna hiyo huwa wamebeba mtu.

"Sina mgonjwa, dada." Yule kijana akasita, akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza kuliko kutazama. "Wewe ndiye Lukengelo?"

"Lukengelo ndiyo hapa. Mimi ni muuguzi."

"Ndiyo yenyewe sauti hiyo!" Akacheka peke yake, kisha akawa na uso wa mashaka. "Dada, Jumamosi iliyopita mbona hukusoma?"

Atukuzwe aliketi kwenye benchi la wagonjwa.

Kijana akajieleza. Jina lake Ambakisye, mganga msaidizi wa kituo kimoja chini kabisa, mwambao wa Ziwa Nyasa. Naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kile kile, ila kundi lake lilisambaratika na vitabu vyake havikufika. Jumamosi moja, akitafuta masafa ya hospitali ya wilaya, aliikuta sauti ya mwanamke ikisoma habari za visima na maji. Tangu siku hiyo hakukosa.

"Mbona hukuwahi kusema neno?"

"Niliona haya. Halikuwa kundi langu. Nilijiona kama ninayesikiliza dirishani kwa watu."

"Basi umesikia peke yako," Atukuzwe akasema kwa sauti ya chini. "Wenzangu waliondoka zamani."

"Nani kakwambia?" Ambakisye akashangaa. "Wanakuitikia, dada! Kila ukimaliza ukurasa. Wewe unauliza, mnanipata? Bi Riziki anajibu, tunakupata mwenzangu, endelea. Halafu wewe unauliza tena. Tabibu Magesa anakuita mpaka sauti inamkauka. Tukajua masikio ya redio yako yamekufa. Jumamosi hiyo, ulipokosekana, Bi Riziki alilia hewani. Akasema, jamani, hakuna yeyote aliye jirani na Makete akamwambie tupo? Ndipo nikabonyeza kitufe, mara ya kwanza. Nikasema, mimi nipo chini ya mlima wake. Nitapanda."

Atukuzwe alitazama nje. Ukungu ulikuwa bado haujashuka, na waya wa antena ulining'inia mweusi kati ya misindano miwili.

"Nilidhani wameniacha," hatimaye akasema.

"Wakuache waende wapi? Kitabu unacho wewe."

Wakacheka wote wawili, yeye huku anafuta macho kwa upindo wa koti. Kisha Ambakisye akatoa maswali aliyotumwa, yote kichwani. Magesa aliomba sura ya takwimu irudiwe polepole, maana siku ile mvua ilipiga bati kwake. Riziki hakuelewa tofauti ya mlipuko wa ugonjwa na ugonjwa uliozoea mahali.

"Na wewe?" Atukuzwe akamuuliza. "Swali lako lipi?"

Kijana akatazama chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mimi," akasema, "naomba tu usiruke mifano. Ile mifano ndiyo ninayoielewa."

Ambakisye alikaa kwao hadi Jumamosi, akala viazi na njegere, akapona malengelenge ya miguu. Yoramu alimtazama sana siku ya kwanza, kisha akamwambia mkewe, "Kumbe ukungu una miguu!" na tangu hapo hakutania tena juu ya jambo hilo.

Jumamosi alasiri Atukuzwe aliwasha redio. Akawasalimu kwa majina: Riziki, Magesa, na Ambakisye aliyeketi pale kando yake. Akayajibu maswali, moja moja. Akarudia takwimu polepole. Mwisho wa ukurasa aliachia kitufe, na ukimya ukaja kama kawaida. Safari hii hakuuliza kama wanampata. Alisubiri kwa muda wa kumtosha mtu kusema neno la kuitikia, halafu akafungua ukurasa mwingine. Ndani ya ukimya ule aliisikia bahari, akalisikia ziwa, ingawa redio ilikuwa kiziwi kama jiwe. Akasoma hivyo hadi kitabu kikaisha.

Mtihani kila mmoja aliufanyia mkoani kwake. Wote wanne walifaulu. Siku ya mahafali Atukuzwe alishuka Dar es Salaam, akaiona bahari kwa mara ya kwanza, akaona ni ndogo kidogo kuliko ile ya redioni. Ukumbini watu walikuwa tele na hakumjua hata mmoja. Alipofikiwa na zamu ya kuchukua joho alimwambia aliyekuwa akigawa, "Samahani, hili ni refu mno kwangu."

Mwanamke mmoja wa buibui aligeuka ghafla. "Lukengelo!" akapiga ukelele, na kabla Atukuzwe hajageuka vizuri alikuwa amekumbatiwa. Bwana mmoja mfupi, mnene, akaja akisukuma watu huku anacheka, na kwa kile kicheko akamtambua Magesa. Nyuma yake alikuja Ambakisye, safari hii amevaa viatu.

Lakini si hao tu. Mzee mmoja wa Kigoma alisogea, akavua kofia. "Dada, mimi nilikuwa nasikiliza," akasema. "Nilifaulu kwa kitabu chako." Akaja muuguzi wa Nachingwea, naye alisikiliza. Akaja mama ambaye hata chuoni hakuwamo. Alikuwa amemsindikiza mumewe. "Tulikusikiliza pamoja, mimi napika," akasema. "Siku hizi maji nachemsha." Wakazidi kuja, watu wa pembe zote, nyuso ambazo Atukuzwe hakuwahi kuziota, na kila mmoja alimshika mkono kama mtu aliyelala nyumbani kwake.

Atukuzwe alisimama katikati na joho lake refu, machozi yakimtiririka, akirudia tu, "Sikujua. Jamani, sikujua."

Magesa akainua mikono juu. "Ndugu zangu," akasema kwa sauti yake kubwa, "kumbe asomaye kwa sauti hasomi peke yake!"

Waliokuwapo walilichukua neno hilo wakaenda nalo makwao, likaingia redioni, likapanda milima. Mpaka leo huku kwetu huambiwa mwalimu mwenye wanafunzi wasiojibu, na mhubiri mwenye kanisa tupu, na mama anayemwimbia mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Bibi Sekela alizirudia njegere zake. Tusajigwe aliinuka. Alijifuta mikono, akachukua simu yake, akaingia chumbani. Kupitia mlangoni walimsikia akikohoa kidogo, kisha akisema, "Haya jamani, nawasomea."

Bibi akavuta ungo karibu. "Asomaye kwa sauti," akaanza taratibu.

"Hasomi peke yake," Neema akamalizia.