Jina la Binti wa Namsifueli

Sogeeni hapa. Anayemenya ndizi amenye huku anasikiliza, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, kwa sababu mwisho wa habari hii nitawataka mtoe hukumu, nami sitakubali mtu aseme hakusikia vizuri.

Katika milima ya Upare, kwenye kijiji cha Mvungwe, alikuwako mkulima wa tangawizi aitwaye Namsifueli. Yeye na mumewe Mbazi walijenga peke yao mgongoni mwa kilima. Katika usharika wao walikuwamo watu watatu waliojulikana kwa jinsi walivyofurahi mbele za Mungu, na hakuna wawili waliofanana.

Wa kwanza ni Elieshi, mama wa makamo aliyekaa ng'ambo ya bonde. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, hata mwalimu wa kwaya alishamwomba kwa upole akae na washarika wengine. Hakununa. Kila asubuhi, mavuno yawe mazuri au mabaya, aliimba akikamua ng'ombe. Yeye alianza ubeti, na Namsifueli akaumalizia kutoka upande wake wa bonde. Majirani waliwasikia hao wawili kila siku, wakajua kumekucha.

Wa pili ni Kanankira, seremala. Watu walipokwenda kutoa sadaka wakicheza, yeye alibaki ameketi, mikono magotini, macho ameyafumba. Kina mama wa maombi walishamtengea siku ya kumwombea apate furaha. Alipopewa habari hiyo aliwashukuru, akawaambia, "Ninayo. Ninaisikiliza."

Wa tatu ni Sangiwa, rafiki wa Mbazi. Huyo alikuwa mcheshi wa kuzaliwa. Hata msibani alijua kuwachekesha wafiwa bila kumvunjia marehemu heshima. Baadhi ya wazee wa kanisa walimwona hana adabu, lakini wagonjwa walimwita kabla hawajamwita mchungaji.

Basi ikawa masika moja Namsifueli ana mimba, amekaribia kujifungua. Mbazi alikuwa ameshuka Same na mzigo wa tangawizi, na mama mkwe, Bibi Nakijwa, alikuwa kwa binti yake kijiji cha pili. Mvua ilinyesha usiku kucha kwa radi na ngurumo. Alfajiri Namsifueli akaingia stoo kufunika magunia yasilowe. Hapo ndipo kilima kilipoachia.

Aliposhtukia, yumo gizani. Boriti zilikuwa zimelalia magunia na kushikilia bati juu ya kichwa chake, lakini udongo ulimbana kifua. Kupiga kelele hakuweza. Alitulia akingoja kufa. Ndipo mtoto akapiga teke. Akapiga tena, kwa nguvu, kama mwenye haraka zake. Na Namsifueli, huku udongo ukimwingia masikioni, akajikuta anafurahi. Hakuilazimisha furaha hiyo wala hakuitarajia. Ilimjia tu, kwamba yupo, na mtoto yupo, na Mungu anawaona hata humo. Akaanza kumwimbia mwanawe kwa kuvumisha puani, njia isiyohitaji pumzi nyingi.

Mengine aliyajua baadaye, aliposimuliwa akiwa kitandani.

Asubuhi hiyo ukungu ulifunika bonde lote, hata hakuonekana mtu wala nyumba. Ngurumo ya kilima ilichanganyika na ya radi, na hakuna aliyezitofautisha. Elieshi akaanza ubeti wake. Kimya. Akauanza tena. Kimya. Jirani akamwambia kwamba mwanamke mwenye mimba ana haki ya kulala kukiwa na baridi. Elieshi akajibu kwamba Namsifueli aliumalizia ubeti hata siku alipomzika mama yake. Akamwacha ng'ombe hajamaliza kumkamua, akateremka bondeni akishikilia majani, akavuka kijito kilichofurika, maji kiunoni. Alipofika alikuta nyumba tupu, na udongo mwekundu mahali palipokuwa na stoo. Akapiga yowe hadi milima ikaitika, na watu wakatoka kila upande na majembe.

Walichimba pale mlango ulipokuwa. Walichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, wengine wakilia, wengine wakiita, wengine wakiamrishana. Hawakuona hata gunia. Kanankira akaweka jembe chini, akaomba wanyamaze. Hawakumsikia. Akamwendea mmoja mmoja, akimshika bega kwa upole, mpaka mlima mzima ukanyamaza. Kisha akalala kifudifudi kwenye matope, sikio chini, macho ameyafumba. Akasogea, akalala tena. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anawapotezea muda. Yeye akaendelea kusogea na kulala, mbali kabisa na walipochimba, hadi kwenye migomba iliyoangushwa. Hapo akakaa sana. Alipoinuka, uso ulikuwa matope matupu na machozi yamechora mistari.

"Yupo hapa," akasema. "Anaimba."

Kumbe udongo ulikuwa umeisukuma stoo nzima hadi huko. Wakahamia pale kwa nguvu mpya. Shimo lilikuwa limewafika kiunoni kipande kingine cha kilima kilipoporomoka. Kilikosa vichwa vyao kwa kidogo tu. Watu wakakimbia, na mwenyekiti wa kitongoji akakataza mtu yeyote kurudi mpaka waje wataalamu kutoka wilayani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wengi wa kuwaangalia. Lakini barabara ilikuwa imekatika, na mvua ilikuwa inarudi.

Sangiwa akashuka shimoni peke yake. Akaanza kuchimba, akizungumza na ardhi kwa sauti kubwa.

"Shemeji, ni mimi Sangiwa. Mbazi ameshapata habari, yuko njiani. Nakuomba usikawie humo, kwa sababu mumeo akipika yeye, msiba utakuwa wa kijiji kizima."

Kisha kutoka chini ya udongo kikatoka kicheko. Kilikuwa chembamba, kimekatika katikati, lakini kilikuwa kicheko, na waliosimama kule juu wote walikisikia. Hakuna aliyetoa amri. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetangulia kurudi shimoni.

Mbazi alifika anahema, amepanda mlima mzima kwa miguu, wakati ule ule wanaondoa bati. Wakamtoa Namsifueli akiwa mwekundu toka unyweleni hadi ukuchani, amekumbatia tumbo lake. Wakunga wakampapasa, wakasema mtoto anacheza. Ndugu zangu, vigelegele vilivyopigwa pale, mvua haikuvizima. Watu walicheza kwenye matope na majembe mabegani. Elieshi aliimba kwa ile sauti yake na mwalimu wa kwaya akamfuata. Kanankira aliketi juu ya gogo la mgomba, ametulia, anatabasamu. Sangiwa, aliyezoea kuwachekesha watu, alilia kama mtoto.

Naye Mbazi, kwa furaha isiyompa nafasi ya kufikiri, akatangaza mbele ya wote: "Aliyenirudishia mke wangu, yeye ndiye atakayempa jina mwanangu."

Kwa desturi, haki ya kutoa jina ilikuwa ya Bibi Nakijwa. Aliposimuliwa, bibi akasema neno lililonenwa mbele za Mungu kwa furaha halirudishwi, naye anaiachia haki yake.

Mtoto akazaliwa salama, binti mwenye mapafu ya nguvu. Elieshi akaja kumwona, akasema angependa aitwe Sifa. Kanankira aliulizwa mara kadhaa ndipo akatamka jina la Shukrani. Sangiwa akasema Kicheko. Bibi Nakijwa akakunja uso, lakini Sangiwa hakutania: akamkumbusha kwamba mwana wa Sara aliitwa Isaka, na maana yake ni hiyo hiyo.

Kijiji kikagawanyika. Hawa wakasema, bila Elieshi nani angejua kwamba kuna mtu wa kutafutwa? Wale wakasema, kujua kunasaidia nini kama unachimba mahali pasipo na mtu? Wengine wakasema mahali palishajulikana, na bado wote walikimbia. Aliyerudi ni nani? Namsifueli aliwasikiliza wote akiwa ananyonyesha. Kila alipotaka kumchagua mmoja, aliona kwamba akimwondoa huyo, yeye na mtoto wamebaki chini ya udongo.

Jumapili ya ubatizo kanisa likajaa hadi nje. Mbazi akamwambia mkewe kwamba yeye alitoa ahadi tu, lakini aliyekuwa kaburini ni yeye Namsifueli, basi uamuzi ni wake. Mchungaji Mshana akachovya mkono katika maji, akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Kanisa zima likangoja. Namsifueli akamtazama binti yake, akafungua kinywa.

Nami naishia hapo. Mkono wa mchungaji uko juu ya maji, na jina ni moja tu. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe mwenye ndizi: Sifa, Shukrani, au Kicheko? Ungekuwa wewe ndiye mama yake, ungetamka lipi, na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?