Baragumu la Bwika

"Baragumu halipigwi kilima cha kwanza." Ndilo neno mlilomsikia bibi yenu akimrushia yule jirani anayejiita bwana harusi na posa yake haijajibiwa. Mmecheka, sasa mnauliza limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mwenye kubisha asubiri mwisho.

Zamani, kabla barabara haijapasuliwa, kati ya mashamba ya chumvi ya pwani na kijiji cha Mzee Ngare palikuwa na vilima vitatu, vimefuatana kama matuta ya viazi. Vilikuwa vifupi ajabu. Mbuzi wa upande huu akipiga chafya, wa upande wa pili humwitikia, "Afya!" Ukiinjika maharage pwani ukaanza safari, ulivimaliza vyote vitatu kabla hayajaiva.

Watu wa kule walikuwa na desturi yao. Anayerejea baada ya miaka mingi hupiga baragumu la pembe ya swala palahala akiwa juu ya kilima cha tatu, kile kinachochungulia mapaa ya nyumba. Likilia, anayemngoja hutolewa nje, hata kama ni mgonjwa, akakalishwa uani uso ukielekea njiani. Na akishatolewa harudishwi ndani mpaka mgeni afike. Kumrudisha ni sawa na kumfungia mgeni mlango.

Bwika, mwana wa Mzee Ngare, aliijua desturi hiyo. Lakini miaka saba alikuwa pwani akikwangua chumvi, tangu siku aliyomtukana babake mbele ya wazee akaondoka bila kuaga. Asubuhi moja shangazi yake, Mwanasiti, alimtokea shambani, baragumu kwapani.

"Babako anakwisha," alisema. "Hata uji haupiti. Ila anasema hafi kabla hajakupa radhi. Haya, nyanyuka."

Bwika hakunawa hata miguu. Alipanda kilima cha kwanza kama anayefukuzwa, moyoni akirudia neno moja tu: nisamehe, baba, nisamehe. Kileleni alimngoja shangazi, akanyoosha mkono.

"Nipe baragumu."

"La nini hapa? Bado viwili."

"Viwili hivi? Hivi ni vilima au chunusi? Mzee akisikia atapata nguvu. Atajua naja."

"Akisikia atatolewa nje, Bwika. Tazama wingu lile."

"Litanikuta nimeshafika. Au umechoka, shangazi? Nikubebe?"

"Beba mdomo wako kwanza, ndio mzito."

Alilitwaa, akapuliza. Sauti ikaruka vilima viwili kama ndege, na kutoka kijijini vigelegele vikaitikia. Bwika alitabasamu. Miaka saba hakuwahi kutabasamu vile.

Hawajafika bondeni, mvua ikashuka. Haikuwa ya matone, ilikuwa ya kumwagwa. Kijito walichozoea kukiruka kilikuwa kimejaa hadi kifuani, wakahangaika wee mpaka alasiri kutafuta pa kuvukia. Kilima cha pili kiligeuka utelezi. Bwika alipanda hatua tatu akaporomoka nne, akashika nyasi, nyasi zikang'oka. Alipofika juu alipaza sauti, "Mrudisheni ndani! Mrudisheni baba ndani!" Mvua ikaimeza. Sasa kila alipofumba macho alimwona babake uani, analowa, anamngoja mtu ambaye hayupo.

Kilima cha tatu alikipanda kwa magoti. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoingia uani.

Mzee Ngare alikuwa kitini, uso njiani, macho wazi. Mejumaa, dada yake Bwika, alikuwa amemkumbatia kwa nyuma ili asianguke.

"Baba," Bwika aliita.

"Hakusikii," Mejumaa alisema. "Tulimfunika mkeka akausukuma, akasema unamziba asikuone. Tulipotaka kumwingiza alishika kizingiti. Mwili uliokuwa haumezi uji, Bwika, ulishika kizingiti."

"Na radhi? Alisema nini juu ya radhi?"

Mejumaa aliyapangusa maji usoni pa mzee.

"Niambie, dada."

"Alikuwa anauliza, 'Mbona njia tupu?' Anauliza, tunamwambia yuaja. Anauliza tena. Mwisho akasema, 'Mwanangu amenidhihaki tena.' Hakusema lingine."

Bwika alipiga magoti kwenye tope. Aliuchukua mkono wa babake, baridi kama samaki, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Alipouachia ukaanguka. Akauweka tena, ukaanguka. Mwanasiti, aliyekuwa akikemea hata kuku, siku hiyo alipiga magoti kando yake, maji yakimtiririka.

Bwika aliishi miaka mingi baadaye, akaoa, akazika, akazeeka. Hakuna mganga wala shehe aliyeweza kumwambia kama ana radhi au hana. Watu walipomuuliza kisa chake hakukisimulia. Alisema maneno matano tu, kisha akageuza uso:

"Baragumu halipigwi kilima cha kwanza."