Swali la Nesi Leokadia

Chumbani siku ile alikuwepo nesi Leokadia. Alikuwepo Yusto, kijana aliyetengeneza programu mpya ya zahanati yetu. Mama Tumsifu na mwanawe Tumsifu. Na mimi, nikisubiri zamu huku mwanangu ananyonya.

Tumsifu alikuwa na kichomi, anahema kwa shida. Zamani alitibiwa zahanati ya kwa bibi yake, na taarifa zake zilikuwa zimetumwa kwa mtandao. Nesi akasoma kwenye skrini: "Dawa zinazomdhuru: Hakuna." Akavuta penisilini kwenye bomba la sindano.

"Mnaona raha yake?" Yusto akasema. "Zamani mngepiga simu mpaka salio liishe."

Nesi akacheka. Akamwinamia mama, aliyekuwa akitetemeka kuliko mtoto. "Mama Tumsifu, hebu niambie, huyu bwana mdogo kuna dawa amewahi kuigomea?"

"Za kunywa anatema zote!" Tukacheka. "Ila penisilini ya duka la dawa ndiyo ilimvimbisha uso, macho yakafumba."

"Zahanati ya kule uliwaambia?"

"Hawakuniuliza, dada."

Nesi akaliweka bomba chini taratibu.

Yusto akafungua laptopu yake, akatafuta taarifa za mtoto kama zilivyotumwa. Zilikuwa katika mtindo wa kompyuta uitwao JSON: kila swali na jibu lake pembeni. Pembeni ya dawa zinazomdhuru paliandikwa null.

"Hiyo null ni nini?" nesi akauliza.

"Ni kwamba hapajajazwa. Hatujui."

"Mbona mimi nimesoma Hakuna?"

Yusto akainamisha kichwa. "Programu ilikuwa inakwama kila ikikuta null, na akina mama wanaungua jua nje. Nikaiamuru: ukikuta null, andika Hakuna. Foleni ikaenda."

Nilidhani nesi atamfokea. Akamsogezea kiti. "Kaa, mdogo wangu. Ulituonea huruma. Sasa irekebishe hapa hapa."

Yusto akakaa. Akaiamuru upya programu yake: ukikuta null, usikwame wala usibuni, andika, "Haijulikani. Muulize mama."

Alipomaliza akauliza, "Lakini dada, ulijuaje kwamba skrini inadanganya?"

"Sikujua," nesi akasema. "Niliiamini kabisa. Mimi huwasemesha tu akina mama kabla ya sindano ili wasiogope. Mama akitulia, na mtoto hutulia."

Tumsifu alipewa dawa nyingine, akapona. Siku hizi anakimbiza kuku wa jirani.

Mpelekee mzazi mwenzio ujumbe huu, na yeyote anayetengeneza programu.

Funzo: Usichokijua usikiite hakuna, sema hujui, kisha uliza kwa upole.