Swali la Tatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini kwa maana mimi mwenyewe sikuwapo, palikuwa na mto mmoja uliopita katika nchi tatu. Mto uliitwa Mkeya. Ulianzia Usangule milimani, ukaikata Ugombwe, nchi ya kati, ukaishia Pwachuo, nchi ya mwisho, ambako uliingia baharini. Nchi tatu, watawala watatu, lugha tatu za kugombania, na mto mmoja wa kunywa.

Walipigana kwa ajili ya maji hayo mpaka wakachoka kuzikana. Kisha mvua zikaacha desturi yake. Vuli ikawa inachelewa, masika yakawa wiki mbili za matope na basi. Hapo ndipo walipokaa chini wakapatana.

Mapatano yenyewe hayakuwa marefu. Kila nchi ichimbie nguzo mtoni, yenye alama kumi na mbili zikihesabiwa kutoka juu, na iweke mtunza nguzo. Maji yakishuka hadi alama ya tisa, mifereji yote ya mashamba ifungwe siku hiyo hiyo, mto uachiwe watu na mifugo, na ubaki na nguvu ya kuizuia bahari isiupande. Na mtunza nguzo ambaye kwa kosa lake nchi nyingine itaharibikiwa, atatoa bonde lake mwenyewe, lile alilorithi, liwe la walioharibikiwa.

Habari ya alama ya tisa ilipelekwa kwa mdomo. Wa juu amwambie wa kati, wa kati amwambie wa chini. Ngoma ilikatazwa, kwa sababu ngoma ya mtoni ilikuwa ngoma ya vita, na waliowahi kuisikia hawakutaka kuisikia tena hata kwa jambo la heri.

Sasa watu wa mto huo walikuwa na adabu yao, nami nasema adabu kwa kukosa neno lingine. Mwenye habari mbaya hakuitapika mlangoni. Alikaribishwa, akaketi, akanywa maji. Mwenyeji akauliza, "Habari za utokako?" Akajibiwa, "Njema." Akauliza tena, "Njema kweli?" Akajibiwa, "Njema, twashukuru." Kisha mwenyeji akauliza mara ya tatu, "Na undani wake?" Hapo ndipo mgeni aliposema kwamba mtoto amefariki, au nyumba imeungua, au mto umekauka. Asiyeulizwa mara ya tatu alinyamaza, akaondoka na habari yake. Ndivyo walivyolelewa, wa juu na wa chini, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana hata kabla ya mapatano.

Mtunza nguzo wa Ugombwe alikuwa mwanamke, Bi Mwantumu. Bonde lake alilirithi kwa mama yake, na mwaka huo mpunga ulikuwa umeshika mimba. Siku tatu tu za maji, punje zijae. Dada yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akamwachia watoto sita, na matumbo yote hayo yalikuwa yanalitazama bonde lile.

Asubuhi moja akamwona Mbonea, mtunza nguzo wa Usangule, akishuka kilima huku anachechemea, goti limevimba. Mtu wa milimani hashuki bondeni wakati wa maharage bila sababu. Mwantumu akajua. Alijua kabla mgeni hajaketi.

"Karibu, kaka. Habari za Usangule?"

"Njema, dada."

"Njema kweli?"

"Njema, twashukuru."

Mbonea akangoja. Mwantumu naye akangoja. Kisha Mwantumu akasema, "Hebu nikuletee uji, umetoka mbali."

Uji ukaja. Wakazungumza dawa ya goti, wakazungumza harusi, wakazungumza ndege wanaokula mpunga. Mbonea akanywa bakuli mbili, akajifuta mdomo, akaaga. Alipoaga uso wake ulikuwa mwepesi, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Mwantumu aliuona wepesi ule, na akaona aibu, kwa sababu alijua mzigo umetuliwa wapi. Hata hivyo hakumwita arudi.

Mbonea naye alikuwa na lake. Nguzo yake ilikuwa imeonyesha alama ya tisa siku mbili kabla ya safari hiyo. Maharage ya nyumbani kwake yalikuwa katika maua, na ua la haragwe likikosa maji hudondoka. Akauacha mfereji wazi siku mbili, kisha akaufunga, kisha akateremka. Mwenye kosa hupenda adabu sana. Alipoona haulizwi, hakulazimisha.

Siku ya kwanza Mwantumu hakwenda kuitazama nguzo. Siku ya pili hakwenda. Siku ya tatu akaenda, akakuta maji yamefika alama ya kumi na moja. Akaufunga mfereji kwa mikono yake, punje za mpunga wake zikiwa zimejaa, akajifunga nguo kiunoni, akashika njia ya Pwachuo kupeleka habari.

Hakufika. Njiani alikutana na watu wengi wakipanda kutoka Pwachuo, mikeka kichwani, vyungu mikononi, kuku wamefungwa miguu. Mbele yao alikuwa mama mmoja jina lake Mwanakombo, mgongoni ana mtoto aliyepasuka midomo kwa kiu. Mto ulikuwa umeishiwa nguvu, bahari ikaupanda. Ikaingia mashambani, ikaingia visimani. Mpunga wa Pwachuo ulikuwa umeungua kwa chumvi, na udongo ulioingia chumvi hauponi kwa masika moja wala mawili.

Mwanakombo akamwona mtu anayetoka juu, akasimama. "Dada, habari za mto huko?"

Na Mwantumu, ulimi wake ulivyozoea, akajibu, "Njema."

Mwanakombo akamtazama. Hakuuliza mara ya pili. Akapita.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na sehemu hii huwa natamani kuiruka. Mwantumu aliketi kando ya njia akajifunika uso. Watu wakampita mmoja mmoja, wengine wakampa pole wakidhani ni mgonjwa. Alizisikia nyayo zote mpaka za mwisho, ndipo akainuka akarudi alikotoka, nyuma yao, mbali kidogo, asionekane.

Baraza la nchi tatu likaitwa, likakaa kwenye nguzo ya kati. Pwachuo wakamleta mtunza nguzo wao, Mwinyikondo, mtu mrefu wa maneno machache. Mwanakombo na wenzake wakaketishwa mbele.

Msemaji wa baraza akasema, "Mapatano yako wazi. Bonde moja litatolewa. La nani? Kila mmoja aseme lake."

Mbonea akasimama. "Mimi nilitembea usiku kucha na goti hili. Nilifika, nikaketi, nikangoja. Nilibisha mlango. Ambaye hakufungua si mimi."

"Na zile siku mbili za maharage?" akauliza msemaji, maana habari zilikuwa zimeshateremka na mto.

"Siku mbili si tatu," akasema Mbonea, akimtupia Mwantumu jicho. Kisha akainamisha kichwa, kwa sababu hata yeye alisikia neno lile lilivyotoka.

Mwinyikondo akasimama. "Mimi niko chini. Wa chini huambiwa. Katika mkutano uliopita mlituita omba-omba wa mto, mkacheka. Niliapa mbele yenu kwamba Pwachuo haitapanda tena kuulizia maji. Kiapo nimekitunza."

"Mzee wangu," akasema Mwanakombo pale alipoketi, "waambie na habari ya yule tasi."

Mwinyikondo akageuza uso.

"Basi nitawaambia mimi. Siku nne kabla mpunga haujaungua, mzee huyu alivua tasi kwenye kivuko cha ng'ombe. Samaki wa baharini, mtoni. Akayateka maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema. Nilikuwapo, nafua. Angetuambia tuzibe milango ya majaruba ya mpunga, chumvi isingeingia. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja."

"Ningewaambia, mngenituma nikaombe," akasema Mwinyikondo polepole. "Sikuweza, mwanangu. Nilidhani itarudi yenyewe."

Ikabaki zamu ya Mwantumu. Alikuwa amejitayarishia maneno mazuri tangu alfajiri. Kwamba mgeni ana mdomo. Kwamba adabu ni adabu. Kwamba mwenyeji halazimishwi kuuliza. Hakuna ambaye angeweza kumpinga, kwa sababu hakuna aliyeona kilichokuwa moyoni mwake wakati anakoroga uji. Bonde lingebaki, na watoto sita wangekula. Akafungua mdomo ayaseme, macho yake yakaangukia midomo ya yule mtoto, na maneno mazuri yote yakamtoka akabaki na lile baya.

"Nilijua," akasema. "Nilimwona anashuka, nikajua. Nilimpa uji ili mdomo wake upate kazi nyingine. Nilitaka siku tatu, nikazipata, na mpunga wangu umejaa. Tena nilikutana nawe njiani, dada, ukaniuliza, nikakwambia njema."

Akaketi.

Baraza likaanza kuvurugana. Mmoja akasema, "Limekwisha. Amekiri mwenyewe, atoe yeye." Mwingine akamkatiza, "Mkimnyang'anya aliyesema kweli, mwakani nani atasema? Hawa wawili watarudi kwenye mabonde yao kwa sababu walijua kujitetea?" Mtu wa Ugombwe akasema, "Mbonea angefunga siku ya kwanza, mama huyu asingekuwa na la kuficha. Maji ya mlimani ndiyo yaliyoanza kuibwa." Mtu wa Usangule akang'aka, "Na Mwinyikondo je? Yeye hakuhitaji hisani yetu. Angewaokoa watu wake kwa majembe yao wenyewe. Na bonde lake liko bara, bahari haikulifikia, lina maji matamu. Alinde heshima yake kwa hasara ya nchi nzima, halafu sisi ndio tulipe?"

Mwantumu alisikiliza yote akiwa ameinama. Alitamani waseme ni yeye, na alitamani wasiseme. Aliwaza watoto sita, akaona haya kwa kuwawaza. Aliwaza bonde la mama yake, akaona haya zaidi.

Ndipo Mwanakombo akasimama, mtoto mgongoni.

"Vuli imebakiza siku tisa kuanza," akasema. "Mbegu ninayo kibaba kimoja, nimeifunga kwenye upindo wa nguo. Hapa naona watu watatu wanaona haya. Haya haioti, ndugu zangu, haijazi chungu. Niambieni tu, mimi na watu hawa, tukabishe hodi kwa nani."

Akajitwika mkeka wake. Akawatazama Mbonea, Mwantumu na Mwinyikondo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumrudishia macho. Msemaji wa baraza akafungua kinywa, akakifunga.

Nami nakifunga changu papo hapo, kwa sababu kila ninapofika hapa wasikilizaji hugombana, na lawama zote hunirudia mimi. Semeni nyinyi, mliokaa kitako na mmekwisha kunywa maji. Yuko aliyeanza kuiba maji, kisha akaleta habari akaondoka nayo. Yuko aliyejua akakwepa kuuliza, kisha akasema kweli pasipo kulazimishwa na mtu. Na yuko aliyeionja chumvi kwa ulimi wake mwenyewe, akawaficha watu wake.

Mama bado amesimama na mkeka kichwani. Je, aende kwa nani?