Kibanda cha Kona na Gari Lililokataa Kusimama

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya wanyama kusema, ni hii ya watu kufunga mikanda na kuvaa kofia ngumu, palikuwa na mji uitwao Lukwambe, na juu ya mji mlima, na kwenye mlima barabara iliyojipinda kama utumbo wa mbuzi. Kila mwaka baada ya mavuno magari ya mbio yalipandishwa huko juu taratibu, yakapangwa, kisha yakaachiwa yashuke. Wa kwanza kukata utepe ndiye bingwa.

Sasa sikilizeni. Gari likishuka mlima kwa kasi, dereva anakanyaga breki kila kona. Akikanyaga sana, breki zinapata moto. Zikipata moto, zinanuka. Zikishanuka, kanyagio linazama mpaka sakafuni, na hapo gari halina habari nawe tena. Ndiyo maana watu wa Lukwambe walikuwa na biashara yao, biashara ya mabomba ya upepo. Mdomo wa bati unakaa mbele ya gari, unameza upepo. Nyuma ya mdomo kuna mpira mnene, nao unautema upepo ule kwenye breki, breki zinapoa. Na halikuwa bomba la kununua tu ukafunga, hapana, kila gari lilipimwa likashonewa lake, kama suti ya bwana harusi.

Karakana ilikuwa moja na watu wake watatu. Mzee Kinyogoli, fundi bati, ndiye mwenye nyundo. Chausiku ndiye mwenye mdomo, maana ndiye aliyeuza. Na Mwasiti alikuwa wifi yake Chausiku, ameolewa na kaka yake, kaka ambaye aliaga kwenda kutafuta maisha, nadhani aliyapata, maana hakurudi. Kazi ya Mwasiti ilikuwa kulainisha kingo za bati kwa tupa na kukaza vibano vya mpira. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, alikuwa na mtoto mmoja mgongoni, Nuhu, na alikuwa na woga, woga mwingi kuliko cheti.

Aliogopa cheche zisimrukie Nuhu, aliogopa Nuhu asiokote kipande cha bati akakitia mdomoni, aliogopa kumweka chini, aliogopa kumbeba karibu na moto, akilia aliogopa, na akinyamaza ndiyo aliogopa zaidi, anamsogelea puani kusikiliza kama anapumua. Ndivyo kazi ilivyokwenda: Kinyogoli anagonga, Chausiku ananadi, Mwasiti anaogopa.

"Mama Nuhu," Mzee Kinyogoli alimwambia siku moja, nyundo imesimama hewani, "hapa ni karakana, si kliniki. Huyo mtoto akinikatizia tena kipimo kwa makelele, wewe na yeye mtafute pengine."

Pengine wapi? Nyumba aliyoachiwa na mume ilikuwa chumba cha kupanga, na chumba kile kililipwa kwa tupa ile ile. Mwasiti akaitikia, "Sawa, baba," akamfunga Nuhu kwa kanga mbili badala ya moja, kana kwamba kanga ndiyo inayoliza watoto.

Basi akaja Bwana Mtweve na gari lake jekundu. Bwana Mtweve alikuwa tajiri, alikuwa hodari, na kila mwaka alikuwa wa pili. Kila mwaka! Hata watoto wa njiani walimwamkia, "Shikamoo, Bwana Wapili," naye akaitika kabla hajajishtukia.

"Nitengenezeeni mabomba," akasema. "Mwaka huu nikiwa wa kwanza, kile kibanda changu cha hapo kona ya mtaa, chenye mlango na dirisha na kufuli, nampa mmoja wenu. Yule ambaye kazi yake ndiyo iliyonifikisha mbele."

"Mmoja tu, Bwana Mtweve?" Chausiku akauliza. "Na sisi tuko watatu?"

"Mmoja. Nikiwapa watatu mtagombana."

Mnacheka? Ngojeni. Mzee Kinyogoli alikitamani kibanda apange kazi zake dirishani watu wapite wazione. Chausiku alikitamani aketi humo kwenye kiti cha kuzunguka. Mwasiti aliuwaza mlango. Mlango tu. Cheche upande ule, mtoto upande huu, na yeye katikati na tupa yake, na hakuna wa kumwambia atafute pengine.

Kinyogoli akagonga. Akagonga kama anayemchonga mchumba, na kwa kuwa alitaka sifa, midomo ya mabomba hakuiacha wazi kama siku zote, aliibana kidogo ikapinda kwa madaha, ikawa inameremeta ukiitazama. Chausiku akanadi. Alimsimamia Bwana Mtweve masikioni: "Baba, breki zako sasa zina friji! Usikanyage mapema kama hao waoga wenzako. Subiri mpaka kona ikuite kwa jina, ndipo ukanyage." Bwana Mtweve akacheka, lakini maneno yale aliondoka nayo.

Na Mwasiti akaogopa, maana asubuhi ya mashindano, mabomba yameshafungwa garini, Mzee Kinyogoli alileta feni ya tanuri akaielekeza mbele ya gari ajaribu. Upepo ukaingia kwenye ile midomo ya madaha, mabomba yakapiga mluzi. Fiiiiii! Mluzi wa kukwangua meno. Nuhu, aliyekuwa amelala kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akaruka, akalia, akalia mpaka akakauka sauti.

"Mama Nuhu!"

"Ananyamaza, baba, ananyamaza sasa hivi!"

Kinyogoli akageuka kutafuta bisibisi. Mwasiti akachomoa nepi safi kwenye kikapu, nepi ya kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, akaichana vipande viwili, kimoja akakisukuma ndani ya bomba la kulia, cha pili la kushoto. Mluzi ukafa. Nuhu akanyamaza. Kinyogoli akarudi, akaisikiliza feni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona? Yalikuwa yanahitaji kuzoea tu."

Mwasiti alisema moyoni, nitazitoa, nikishampa mtoto uji nitazitoa, sasa hivi nikizitoa mbele yake ataniuliza nimeweka nini. Akaenda kukoroga uji. Aliporudi na kikombe mkononi, pale penye gari palikuwa na doa la mafuta tu.

Alikimbia, jamani. Alikimbia na kikombe, na mtoto, na kandambili moja, mpaka barabarani, akaliona gari jekundu likipanda mlima, akapunga mikono yote miwili, uji ukamwagika, akapiga kelele, "Simameni! Breki! Breki!"

Chausiku alikuwa kando ya barabara amevaa miwani ya jua. "Shangilia, wifi yangu, shangilia!" akasema. "Mpungie na mtoto!"

Huko juu kipenga kikalia. Kona ya kwanza Bwana Mtweve alisubiri mpaka kona ikamwita kwa jina, akakanyaga, breki zikashika. Kona ya pili zikashika kwa manung'uniko. Kona ya tatu zikanuka. Kona ya nne alikanyaga akafika sakafuni, na gari likaendelea na safari zake. Sasa angefanya nini? Alishika usukani, akarudisha gia, akaomba kwa lugha ya mama yake. Dereva aliyekuwa mbele, yule bingwa wa kila mwaka, aliona wekundu kwenye kioo chake unakuja haupungui, unakuja haupungui, akasema huyu leo ana kichaa, akampisha. Bwana Mtweve akampita akiwa amefumba jicho moja.

Akakata utepe. Watu wakashangilia. Akaendelea. Watu wakanyamaza. Akapita katikati ya hema la wageni, akatoka na kitambaa cha meza, akakata shamba la mihogo, akaishia ndani ya lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, pwaa! Hakuumia mtu. Jogoo mmoja tu, wanasema, hakuwika mpaka Ijumaa.

Bwana Mtweve akatoka mweupe kama aliyepakwa unga. "Nimekuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza!"

Akauchomoa ufunguo mfukoni. "Nani ananidai kibanda?"

"Mimi!" akasema Kinyogoli. "Bila bati langu ungekuwa wapi?"

"Mimi!" akasema Chausiku. "Bila maneno yangu ungekanyaga mapema kama kawaida yako!"

Mwasiti alikuwa amefika akihema, anamtazama Bwana Mtweve kama ni mzima, anahesabu mikono yake, miguu yake.

Ndipo Bi Sekela, msimamizi wa mashindano, mwanamke mrefu asiyecheka bila sababu, akainama chini ya gari, akaingiza mkono kwenye bomba, akatoka na kitambaa kimeungua nusu. Maua ya bluu bado yanaonekana. "Breki zilikosa upepo," akasema. "Mtu huyu angekufa, na waliosimama njiani wangekufa. Aliyehusika na hili hatagusa tena gari la mbio katika mlima huu. Nani?"

Mngewaona! Kinyogoli akarudi nyuma hatua kubwa. "Mimi fundi bati tu, sijui mambo ya vitambaa." Chausiku akavua miwani. "Mimi hata gari silijui, nauza maneno."

Lakini Bwana Mtweve alikuwa amekaa juu ya pumba, anacheka mpaka machozi yanachora mistari usoni. "Bi Sekela, breki zingeshika ningepunguza mwendo, na ningepunguza mwendo ningekuwa wa pili. Ninazijua hizo kona kuliko ninavyomjua mke wangu. Aliyeziba bomba ndiye aliyenifikisha mbele!"

Kinyogoli akarudi mbele hatua kubwa zaidi. "Basi tuseme ukweli. Asubuhi mluzi ulikufa ghafla, sasa najua ulizibwa. Kwa nini bomba lilizibwa? Kwa sababu lilipiga mluzi. Kwa nini lilipiga mluzi? Kwa sababu ya mdomo nilioubana mimi. Chanzo ni mimi."

"Kuziba si hoja," akasema Chausiku. "Kona tatu za kwanza breki zilikuwepo, mbona hakuzimaliza kwa woga? Ni mimi niliyemchelewesha mguu, akakanyaga kwa nguvu, breki zikapata moto upesi."

Na hapo Nuhu, mgongoni, akakiona kitambaa chake. Akacheka, akanyoosha mikono yote miwili kwa Bi Sekela. Watu wote wakamgeukia Mwasiti.

"Nepi zote ni nepi, wifi," Chausiku akamnong'oneza haraka. "Kaa kimya. Watoto hucheka hovyo."

Yote yakamtoka Mwasiti kwa pumzi moja. "Ni ya kwangu, mama, niliitia mimi, mtoto alikuwa analia na mimi naambiwa nitafute pengine na pengine sina, nikasema nitaitoa, nikakimbia, nikapunga mkono, nikaita breki breki nikashangiliwa, na kibanda nakitaka, siwezi kusema sikitaki, nakitaka kwa ajili ya mlango, lakini mtu angekufa na hilo nalijua, na nikilala nitaliona. Basi kama kazi ni yangu, kosa ni langu, na kama kosa si langu, hata kazi si yangu. Nipeni vyote au mninyime vyote, ila msinigawie kosa peke yake."

Bwana Mtweve akanyoosha ufunguo kuwaelekea. Bi Sekela akamshika kifundo cha mkono.

Haya, nyinyi mlioketi mkicheka, mkono ule ungali hewani na mimi nimechoka kuushikilia. Kuna Kinyogoli aliyebana mdomo wa bati kwa kutaka sifa, kuna Chausiku aliyemtia dereva ujasiri asiokuwa nao, kuna Mwasiti aliyeziba upepo kwa woga kisha akasema, na yuko Bwana Mtweve naye, ambaye katika hatari ile hakuuachia usukani, na anaweza kubaki na kibanda chake. Mmoja apewe ufunguo, na huyo huyo ndiye asiguse tena gari la mbio, maana Bi Sekela halegezi neno lake. Je, nani alistahili kuufungua mlango ule?