Namba Saba ya Shija

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Nyanzala, dada yake Shija, siku ya arusi ya mjukuu wake pale Isevya, Tabora, mwezi wa Agosti 2014. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, naye akijitaja kwa jina lake.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Kalunde, mwenye watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Kashindye, wa kwanza, alikuwa na sikio: ukigonga sufuria mbili jikoni, yeye yuko uani atakuambia ipi ina ufa. Nyamizi, wa pili, alikuwa na jicho: alichokiona mara moja hakikumtoka. Masele, kitinda mimba, alikuwa na mikono: kitu kilichokufa kikipita mikononi mwake kilipumua.

Baba yao, Shija, alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi. Alikuwa na vitu vitatu: gitaa, amplifaya, na pedali, yaani kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachobadili sauti ya gitaa. Pedali ilikuwa na namba nyingi, kila namba na sauti yake. Namba saba aliitengeneza mwenyewe. Ilikuwa kali, yenye kukwaruza kidogo, na nyuma yake mwangwi safi ukiifuata kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili. Kila jioni kabla ya kwenda kazini aliipiga sebuleni, na Bi Kalunde, akiwa jikoni, alijua kuwa mumewe anamuaga.

Shija alipofariki, majirani waliondoa kila kitu sebuleni ili waombolezaji wakae mikekani. Amplifaya ilipelekwa stoo, nyaya zikachomolewa na kutiwa kwenye ndoo. Hakuna aliyeangalia upi ulichomekwa wapi. Nani angeangalia siku ile?

Matanga yalipokwisha, Kashindye alichomeka kama watu wote wanavyochomeka: waya mmoja kutoka gitaa hadi pedali, mwingine kutoka pedali hadi mbele ya amplifaya. Namba nyingine zote zililia. Namba saba ilikuwa bubu.

Fundi akaitwa. Akaiangalia, akasema, "Mama, namba hii imeharibika. Niifute, niweke ya kiwandani, itaimba vizuri tu."

"Ukishaifuta, utaweza kuirudisha ile ya mwenyewe?"

"Hiyo haiwezekani."

"Basi chai iko mezani, mwanangu. Kunywa, uende salama."

Pedali ikawekwa kabatini na kufunikwa kitambaa. Bi Kalunde aliifuta vumbi bila kugusa vitufe. Jioni, saa ile ya kuagana ilipofika, alipunguza redio, kisha akajishangaa anasikiliza nini.

Mwaka mmoja watoto wote walikuja nyumbani Krismasi: Kashindye kutoka Mpanda, Nyamizi kutoka Singida, Masele kutoka Kahama. Mama akawaambia mbele ya shangazi yao Nyanzala, "Atakayenirudishia sauti ya baba yenu, vyote vitatu ni vyake. Nimeshasema."

Kashindye alichukua kanda iliyorekodiwa arusini zamani, akaisikiliza mpaka wenzake wakamchoka. Mwisho akaizima. "Sikilizeni. Gitaa linakwaruza, mwangwi haukwaruzi. Vingepita pamoja mbele ya amplifaya, vyote vingekwaruza. Kwa hiyo sauti ilitoka kwenye pedali, ikaenda kwenye amplifaya kuchukua ukali, ikarudi kwenye pedali kuchukua mwangwi, ndipo ikaingia tena kwenye amplifaya. Namba saba si bubu. Inatoka, ila haioni njia ya kurudi."

"Irudi kupitia wapi?" akauliza Masele. "Amplifaya ina tundu moja."

"Moja mbele," akasema Nyamizi.

Nyamizi alipokuwa mdogo, bendi ikifanya mazoezi, alipenda kukaa nyuma ya amplifaya kwa sababu palikuwa na joto. Wenzake walimwona baba yao usoni. Yeye aliona mgongo wa amplifaya. Sasa akaigeuza, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga. "Haya hapa, mawili. Baba akiwa hai sikuyaona matupu hata siku moja. Waya mweusi ulitoka hapa kulia kwenda kwenye pedali. Wenye plasta ulirudi hapa kushoto."

Wakachomeka nyaya zote nne. Wakakanyaga saba. Kimya.

"Basi sikio langu limezeeka," Kashindye akasema, akaweka gitaa chini.

"Nipeni nyaya," akasema Masele.

Nyamizi akacheka. "Wewe? Kengele ya baiskeli yangu uliifunga kichwa chini."

"Ililia, haikulia?"

"Ililia."

"Basi nipe."

Masele alichomeka kila waya kwenye amplifaya na kugusa ncha ya pili kwa kidole, kwani waya mzima ukiguswa hivyo huvuma. Wa kwanza ukavuma. Wa pili ukavuma. Mweusi ukavuma. Wa plasta haukusema kitu. Akaukata karibu na ncha, akakuta shaba imekatika ndani, akapasha msumari kwenye jiko la mama yake, akaunga kwa risasi ya kuyeyusha.

Wakachomeka tena, wakakanyaga saba, na Kashindye akagusa uzi mmoja tu wa gitaa.

Bi Kalunde akatokea mlangoni, mikono ina unga. Hakuingia. Mwangwi ulipokaribia kuisha akasema, "Piga tena. Polepole, asiondoke upesi."

Siku ya kusafiri ilipofika, ahadi ikadaiwa.

"Mimi ndiye niliyejua sauti inapita wapi," akasema Kashindye.

"Ulijua njia, mlango hukuujua," akasema Nyamizi.

"Njia mlikuwa nayo, mlango mlikuwa nao," akasema Masele, "na bado mlikaa kimya kama mko kanisani."

Nyanzala akataka kuwasuluhisha. "Si mgawane? Huyu gitaa, huyu pedali, huyu amplifaya."

"Shangazi," akasema Masele, "ukivitenganisha, namba saba inakuwa bubu tena. Utakuwa umemzika kaka yako mara ya pili."

Bi Kalunde akapiga hesabu. Yeyote atakayepewa ataondoka navyo, na jioni za nyumba ile zitarudi kama zilivyokuwa namba saba ilipokuwa bubu. Akaomba apewe muda. Tangu hapo kila Krismasi watatu hao huja, huchomeka nyaya nne, hupiga, huuliza, na mama huomba muda tena. Mwaka jana Kashindye alimwambia, "Mama, usipotuamulia wewe, tutagombana siku usipokuwepo."

Haya, mliosikiliza: apewe mwenye sikio, mwenye jicho, au mwenye mikono? Au vibaki kwa yule aliyemnywesha fundi chai akamuaga? Kama neno la mwisho lingekuwa lako, ungelisemaje?

Shija hayupo. Nyanzala naye ametangulia. Kashindye, Nyamizi na Masele wako hai. Bi Kalunde yu hai pia, na hajaamua.