Mwezi Aliouona Vuai Peke Yake

Hapo zamani, kabla babu yake babu yako hajajua kujifunga msuli, palikuwa na mji ukiitwa Kichangawe. Na wewe uliyekaa karibu na mlango usiondoke, maana nikimaliza nitauliza swali, na wenye vyuo vyao nimeshawauliza wakabaki kukuna ndevu.

Kichangawe walikuwa na desturi yao. Jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani wote huinua macho kutafuta mwezi. Aliyeuona akaleta habari ya kweli, asubuhi ya Sikukuu Kadhi humlisha kwa mkono wake tonge la kwanza la bokoboko, ile ngano iliyopondwa na nyama. Mji mzima kimya, sinia zinafuka moshi, hakuna anayegusa mpaka yule ameze. Akishameza, mwaka mzima huitwa Jicho la Mji. Hata mahari hupunguziwa.

Sasa palikuwa na kijana, Vuai, mkwezi wa minazi. Kwa kukwea, hodari. Kwa domo, hodari zaidi. Mwaka mmoja alilitamani lile tonge, akaenda kwa Kadhi akaapa kuwa ameuona mwezi, na hakuona hata nyota. Akalishwa. Akatembea kifua mbele siku moja. Siku moja tu, maana jirani zao wa Michungwani walitazama mbingu safi jioni ile ile, hawakuona kitu, wakafunga. Vuai alipobanwa, akakiri. Mji mzima ukalipa saumu ya siku ile, na Kadhi akatangaza kuwa tangu sasa hapokei shahidi mmoja. Wawili, tena waaminifu.

Tangu hapo, Vuai akipita, watoto: "Vuai, umeuona?" Akienda kununua samaki, muuzaji: "Huyu changu ni wa leo, au nikusubiri wewe uape?" Akikaa barazani, watu wanasogea, si kwa chuki, kwa kucheka. Na kucheka ndiko kulikomuumiza. Ukichukiwa unaweza kukunja ngumi. Ukichekwa utakunja nini?

Mwaka ukazunguka. Ikafika tena jioni ya ishirini na tisa, wingu zito kama blanketi. Vuai alikuwa juu ya mnazi akiangua madafu ya futari. Wingu likapasuka, padogo tu, na pale kwenye mpasuko akauona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa. Akafumba macho, akafumbua. Upo. Wingu likafunga.

Alishuka mbio mpaka kifua kikachubuka, akaenda msikitini. Kadhi amesimama ngazini: "Kuna aliyeuona?"

Vuai akafungua mdomo. Mtu mmoja wa mbele akageuka: "Ee, Vuai! Mwaka huu hujauona?" Watu wakaangua kicheko. Kadhi mwenyewe alificha meno.

"Sikuuona, Sheikh," Vuai akasema.

Umesikia hiyo? Mwaka jana alisema uongo, wakamwamini. Mwaka huu akasema uongo tena, wakamwamini tena. Kadhi akatangaza: "Tunakamilisha thelathini."

Kulipokucha, mji umefunga. Vuai anajua ni Sikukuu, na anajua kufunga siku ya Sikukuu ni haramu. Afanyeje? Akajifungia jikoni kwa bibi yake, akakaa nyuma ya mtungi, akatafuna muhogo baridi polepole, kama mwizi.

Bibi yake, Bi Mize, alikuwa haoni. Lakini masikio! Angesikia sisimizi akipiga chafya.

"Nani anatafuna humo?"

"Mimi, bibi."

"Mchana wa Ramadhani, Vuai?"

"Si Ramadhani, bibi. Leo Sikukuu. Mwezi niliuona jana, juu ya mnazi."

Miaka sabini Bi Mize hakuacha saumu hata moja isipokuwa kwa uzazi na maradhi. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kipande."

"Bibi, usile! Mimi ndiye yule niliyewadanganya."

"Nakujua kuliko unavyojijua. Nipe."

"Huniulizi hata ulikuwaje?"

"Nikianza kukuuliza, mjukuu wangu, sitakula. Nipe."

Akala. Akafuta mdomo. "Wenzetu umewaambia?"

"Watanicheka."

"Basi nitawaambia mimi." Akashika fimbo yake, muhogo mkono wa pili, huyoo, mpaka uwanja wa msikiti, anatafuna mbele za watu.

Na Vuai? Vuai alibaki jikoni. Kutoka jikoni mpaka uwanjani ni hatua arobaini, na kila neno alilisikia.

"Bi Mize! Umeingiwa na wazimu?"

"Leo Sikukuu. Mjukuu wangu ameuona mwezi."

Kicheko cha leo kilikuwa na miba. Mwanamke mmoja akasema, "Uzee umemla akili." Mwingine akasema kuanzia leo asichote maji kwenye mtungi wake. Kadhi akauliza kwa upole, "Yuko wapi huyo mjukuu, aje aseme mwenyewe?"

Bi Mize akageuka upande wa nyumba, akaita, "Vuai! Njoo, baba!"

Vuai akasimama. Akashika komeo. Mkono ukagoma.

"Vuai!"

Akakaa chini, akajiziba uso kwa mikono yote miwili. Nje, Bi Mize akaita mara ya tatu, kisha hakuita tena.

Hapo akajitokeza Maalim Faki. Huyu kazi yake ilikuwa kutazama maji ya bahari yanavyopanda kwenye ngazi za bandarini na kupiga hesabu. Akasema, "Jamani, mwacheni bibi wa watu. Sikilizeni hoja. Bamvua, yale maji makubwa, huja na mwezi mpya na mwezi mpevu, sivyo?"

"Ndivyo."

"Mwezi huu, bamvua la mwezi mpevu limetujia siku moja kabla ya hesabu yetu. Na tulipoanza kufunga palikuwa na wingu, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tulichelewa siku moja kuanza. Ishirini na tisa yetu ya jana ilikuwa thelathini. Vuai awe ameona au hajaona, leo ni Sikukuu."

Hoja imesimama wima, hakuna aliyeweza kuiangusha. Kadhi akachukua kipande cha muhogo mkononi mwa Bi Mize, akamnyooshea Maalim. "Hoja yako nzuri, Maalim. Basi kula."

Maalim Faki akakipokea. Akakipeleka mpaka mdomoni. Akakishusha. "Huenda... huenda upepo uliyasukuma maji," akasema.

"Nami bila shahidi siwezi kuufuturisha mji," Kadhi akasema. Watu wakatawanyika, wamefunga. Bi Mize akabaki peke yake juani, akipapasa kwa fimbo njia ya kurudi.

Ilipofika alasiri, wageni wakaingia mjini. Watu wa Michungwani, wake kwa waume, kanzu mpya, kanga zinanukia udi, mikono ina hina. "Idi njema, jamani! Mbona midomo mikavu?" Huko mwezi walikuwa wameuona watu wanane. Wageni wakajikuta wamesimama na sahani zao za vitamu vya Sikukuu, kaimati na visheti, mbele ya mji mzima uliotazama chini.

Watu wa Kichangawe wakafuturu kwa aibu, mmoja mmoja, wakipeana mgongo. Kesho yake asubuhi wakasali Idi iliyopitwa, bokoboko ikapakuliwa, na Kadhi akachota tonge. Halafu mkono ukasimama hewani.

"Mji huu una deni la tonge moja," akasema, "na tonge haligawanyiki. Nimpe nani?"

Vuai akatoka nyuma kabisa, hakuinua uso. "Mpe bibi, Sheikh. Mimi niliuona kwa macho yangu, hilo ni kweli. Lakini nilikula gizani, na aliponiita nilimwacha atukanwe. Aliyesimama ni yeye."

Vijana wakanong'ona: "Lakini bila jicho lake, bibi angesimama na nini?"

Bi Mize akatikisa kichwa. "Mimi sikuona, wala sikuhesabu. Nilimwamini mtoto wangu. Na mkitaka nisiwafiche, mwaka jana alipodanganya nilimwamini vile vile, nikala vile vile, kwa utamu ule ule."

Wazee wakashika videvu. Yule mwanamke wa mtungi akasema kwa sauti ndogo, "Hata hivyo, ndiye pekee aliyekula hadharani."

Maalim Faki naye akasema, "Hesabu yangu ilikuwa ya kweli. Sikumtegemea mtu mwongo, sikumtegemea mtu anayependa. Mwakani mkinifuata hamtakosea. Lakini muhogo ulifika hapa," akagusa mdomo wake, "na mimi mwenyewe sikuifuata."

"Ndiye aliyemtetea bibi, wakati damu yake imejificha jikoni!" mtu akapiga kelele, na Vuai akazidi kuinama.

Kadhi amekaa na tonge mkononi. Linapoa. Mafuta yanamchuruzika kwenye kiwiko. Mji wote una njaa, watoto wanalia, na hakuna anayeweza kula kabla ya mmoja wa hawa watatu.

Mmoja alijua, akajificha. Mmoja aliamini, wala hakujua alichokiamini. Mmoja alithibitisha, na uthibitisho wake ukamshinda kumeza.

Wewe wa mlangoni, acha kutazama kando, mkono wa Kadhi unachoka. Je, nani afungue kinywa?